Watafsiri wapya, tazameni umri wa neno "nice"

Nimepitia rasimu za wanaoanza kazi, na tena nimekuta "nice" ya karne ya 16 imegeuzwa kuwa "nzuri". Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili tumelisema mno.

1. Kabla ya kufungua kamusi, jua matini iliandikwa lini.

2. Jueni ukoo wa neno. Kilatini kilikuwa na nescius, asiyejua: ne ya kukanusha na scire, kujua. Katika Kifaransa cha kale likawa nice, mjinga, na Waingereza wakalipokea na maana hiyohiyo. Kwa Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, bado ni upumbavu. Baadaye likamhusu mwenye haya, kisha mwenye kuchaguachagua, kisha jambo dogo linalotaka jicho kali. Maana ya kupendeza ilishika karne ya 18. Scire hiyohiyo ndiyo iliyozaa scientia, ambayo kwetu imefika kama sayansi. Mji wa Nice kule Ufaransa haumo katika ukoo huu. Jina lake latokana na Kigiriki, Nikaia.

3. Hapa ndipo mnapoteleza. Katika Julius Caesar ya Shakespeare, sehemu ya nne, onyesho la tatu, Brutus amemwadhibu Lucius Pella kwa kula rushwa za watu wa Sardis. Cassius, mwenzake Brutus katika kumuua Kaisari, alikuwa amemwombea Pella kwa barua, akapuuzwa. Anafoka kwamba nyakati kama hizi haifai kila "nice offence" ipigiwe kelele. Rasimu niliyosoma inasema "kosa zuri". Kosa zuri ni lipi, jamani? Cassius anadai rushwa ile ni kijikosa tu, na ndiyo maana Brutus anamrukia palepale: hata wewe unasemwa kwamba kiganja chako kinawasha, unauza vyeo kwa dhahabu. Mmoja anaona jambo ni dogo, mwenziwe anaona ni kubwa. Ondoa udogo huo, ugomvi mzima hauna chanzo. Mwalimu Nyerere aliifasiri tamthilia hii, na tafsiri yake ikatoka 1963. Iwekeni kando ya Kiingereza, msome mstari kwa mstari, ndipo mwandike yenu.

4. Msidhani maana ya zamani imekufa. Mwanasheria wa leo akiandika "a nice distinction", hasifii kitu. Anasema tofauti ni nyembamba, na msomaji asipokuwa makini itampita. Andikeni "tofauti ndogo sana".