Mawingu Hayazibwi kwa Mpira

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Napenda kuchora anga la jioni pale Dunga, ufukweni mwa ziwa, kwa rangi za maji. Nilinunua ile gundi ya mpira ya kuzibia karatasi ili mawingu yabaki meupe. Nikiibandua, mawingu yanatokea na kingo kali kama yamekatwa kwa makasi, na mahali pengine karatasi inachubuka. Nibadilishe gundi au karatasi?

JIBU: Salamu zimefika. Gundi yako haina neno, ila umeipa kazi isiyo yake. Ile ni utomvu wa mpira uliotiwa maji na amonia, ndiyo maana ukifungua chupa pua inawasha. Ikikauka inakuwa utando usiopitisha maji, na rangi hukomea pale pale utando ulipokomea. Wingu halikomi hivyo. Yatazame yanayojijenga upande wa milima ya Nandi alasiri, kabla ya mvua: kileleni, penye jua, ukingo unaonekana, chini yanayeyukia kwenye kijivu hata hujui anga limeanzia wapi.

Kwa hiyo wingu liachie maji. Lowesha anga zima kwa brashi pana, subiri mng'aro upungue, kisha pitisha bluu ukizunguka mahali pa wingu. Rangi itatambaa yenyewe. Ukitaka weupe zaidi, bonyeza kwa tishu rangi ikiwa bado mbichi, usisugue. Tumia bluu iitwayo altramarini, inanyanyuka vizuri. Ile bluu nyingine, thalo, ikishaingia kwenye karatasi utabonyeza hadi tishu ziishe. Na kwa joto la Kisumu saa nane mchana, karatasi inakauka ungali unatafuta brashi. Lowesha mara mbili: maji ya kwanza yanywewe, ya pili yakae juu.

Gundi iweke kwenye vitu vidogo vyenye kingo kweli: tanga la mashua, mwanga wa jua unaomemeteka ziwani, au yangeyange anayepita mbele ya wingu jeusi. Huyu ndiye hasa gundi ilitengenezewa. Kuzungusha rangi kwenye shingo nyembamba vile bila kuvuruga anga ni kujitesa bure. Chukua brashi kuukuu, isugue kwenye sabuni kwanza, ndipo uichovye. Bila sabuni mpira unagandia kwenye nywele zake na brashi imekwisha. Chupa usiitikise. Inatoa povu, na kila kipovu kikipasuka kinaacha tundu la kupitishia rangi. Karatasi nayo iwe kavu kabisa.

Sasa huko kuchubuka. Nashuku mambo mawili: karatasi yako ni laini mno, na picha uliianika juani. Joto huufanya mpira ushikane na nyuzi za karatasi, kwa hiyo jua hapana, mashine ya kukaushia nywele hapana. Wala usiiache gundi siku nyingi. Ukimaliza kuchora na rangi ikakauka, ibandue. Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono: ikiwa baridi, bado ina maji, ngoja. Karatasi ya gramu 300 kwa mita mraba, ya pamba ukiweza, ndiyo inayovumilia. Bei yake inauma, najua. Kata vipande vidogo, na gundi ijaribu kwanza pembeni.

Ukishambandua yangeyange atatokea mweupe kupita kiasi, amebandikwa tu hewani. Pitisha brashi yenye unyevu kwenye ukingo mmoja wa bawa ulainike, tia kijivu hafifu tumboni na chungwa kidogo upande wa jua linalotua. Jioni hakuna ndege mweupe pepepe.

Gundi ikiisha, kipande cha mshumaa mweupe kitakufaa kwa ule mwanga wa ziwani: kisugue juu ya karatasi kavu, kinaacha mikwaruzo inayopendeza. Lakini nta haibanduki tena, kwa hiyo angani usiipeleke.