Utando wa parilini kuwa na ukungu na kubanduka
Utando wa parilini (plastiki nyembamba inayowekwa juu ya vifaa kwa mvuke) ukiwa na ukungu na kubanduka, hayo ni matatizo mawili tofauti. Ukungu, yaani utando kupoteza uwazi wake, kwa kawaida huletwa na haraka: dimeri (unga wa malighafi unaogeuzwa mvuke) ikipashwa moto ghafla, shinikizo la chemba ya kuwekea utando hupanda na utando hujijenga kasi mno, ukawa na chembechembe. Pandisha joto polepole hadi nyuzi 150 hivi za Selsiasi, na shinikizo libaki karibu na paskali 13. Tanuri la kuvunja dimeri liwe kama 680; likipoa, dimeri isiyovunjika hupita na kuganda juu ya kifaa kama vumbi jeupe.

Kubanduka ni kosa la uso wenyewe, maana parilini haijifungi kikemia. Safisha kwa isopropanoli, chovya kwenye silani A-174 (kemikali ya kushikisha utando), kausha, ndipo uingize kwenye chemba. Alama moja ya kidole inatosha kuharibu.