ULIZA MWALIMU: Nimezoea taarab, sasa nimeitwa kupiga fidla kwenye mchezo wa jukwaani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkaka wa Chumbageni hapa Tanga, kazi yangu ni karani tu wala siishi kwa muziki, ila jioni napiga fidla kwenye kikundi chetu cha taarab asilia, tunaalikwa maharusi na shughuli za mtaani. Sasa kuna vijana wametunga mchezo wa jukwaani mpya kabisa, hadithi ya manamba wa mashamba ya katani, nyimbo zote wametunga wenyewe, wakatuomba tuwe okestra yao. Mazoezi yanatuchosha akili. Wimbo tulioushika wiki nzima wameutoa, mwingine wameushusha kii (kimo cha sauti ya wimbo) nusu kwa sababu dada anayeimba hafiki juu, mara tunaambiwa nyamazeni katikati waigizaji waongee, kisha endeleeni. Halafu tumewekwa pembeni gizani hata hatuonekani. Wenzangu wanasema hawa vijana hawajui wanachofanya, tuache. Ni kweli? Na kama naendelea nifanyeje nisiaibike siku yenyewe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, wanajua, au tuseme wanajua kiasi cha kutosha, hivo ndo mchezo mpya unavokuwa. Nyimbo za kawaida za taarab mnazopiga zimeshapigwa na watu miaka na miaka, ukisahau unasikiliza rekodi ya zamani mambo yanakwisha, lakini hizi hakuna aliyewahi kuzipiga kabla yenu, mtunzi mwenyewe anazisikia kwa mara ya kwanza mkiwa mnazipiga nyie. Anagundua palepale kwamba wimbo ni mtamu lakini hadithi imesimama, watu wanaanza kuangalia simu, sasa afanyeje, anautoa. Marekani kwenye pesa zao zote walikuwa na desturi ya kupeleka shoo mpya ya muziki kwanza miji kama New Haven na Boston, huko inakatwa na kuungwa upya mbele ya watu waliolipa tiketi, ndo iingie New York. Nyie mnakatiwa mkiwa mazoezini, shukuruni.

Kinachowasumbua nadhani ni kitu kingine. Kwenye taarab nyie ndo shughuli yenyewe, mnaanza na bashraf, ule muziki mtupu wa ufunguzi, mkijinafasi, mwimbaji anakuja, ubeti, kibwagizo, fidla zinajibu, hakuna mtu wa kuwaharakisha. Kwenye mchezo mwenye mali ni hadithi. Ila nikwambie, watu wa Tanga hamna sababu ya kushindwa, maana ni mji huohuo wa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, waimbaji kina Bi Shakila, wale waliopunguza okestra kubwa ya fidla nyingi wakaja na magitaa na besi, kundi dogo linalomfuata mwimbaji popote anapokwenda. Hicho ndo mnachoombwa, kufuata.

Sasa hilo la kushusha kii nusu, hapo nakuonea huruma kidogo. Kii ya D kwenye fidla ni raha, uzi wa D na wa A zinalia zenyewe bila kubana, sasa wakikushusha kwenye D flati hakuna uzi wazi hata mmoja kati ya minne unaokusaidia, kila noti utafute kwa kidole na sikio. Usidanganyike ukalegeza nyuzi zote nusu ukapiga kama zamani, wimbo unaofuata utakuwa kwenye kii nyingine na hutapata muda wa kukaza, na uzi uliotoka kulegezwa unahamahama. Kaa nao nyumbani polepole. Na kama mna kanuni kwenye kundi, ile ala ya nyuzi nyingi, mpiga kanuni ndo wa kupewa chai kwanza, maana yeye kila mabadiliko anahangaika na vile vibao vya upande wa kushoto vya kupandisha na kushusha nyuzi, muulizeni anahitaji muda gani kati ya wimbo na wimbo halafu mwambieni mwongozaji aongeze maneno ya waigizaji pale. Wanaongezaga, ukiwaomba mapema.

Halafu penseli. Si kalamu. Kila mtu na karatasi yake, iwe ni nota, iwe ni solfa, iwe ni maneno tu na alama zako mwenyewe, na juu ya sehemu unapoingilia andika maneno ya mwisho ya mwigizaji, si namba ya hesabu tu. Kwa sababu mwigizaji ataruka mistari, hiyo nakuhakikishia, siku ya watu ataruka, na wewe ukiwa unahesabu kichwani utakuwa bado uko shamba la katani wakati wenzio wameshapanda treni.

Nikupe kisa kimoja. Niliwahi kupiga selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, kwenye mchezo mpya pale Bagamoyo, kundi lote watu wa ridhaa, mwalimu, muuguzi, fundi simu, mtu na kazi yake. Kuna sehemu bibi harusi kaachwa, yuko peke yake chumbani usiku, anaimba. Wimbo wenyewe una mahadhi ya taarab na yule binti ana sauti, sasa unategemea nini? Beti ya pili haijaisha mama mmoja kanyanyuka na kanga yake kiunoni, kapanda jukwaani kwa madaha, anayumba, kambandika noti ya elfu tano kwenye paji la uso. Kashuka. Nyuma yake wameshajipanga wengine. Bibi harusi yuko mpweke chumbani na foleni imefika mlangoni! Yule binti hakutoka kwenye uhusika hata kidogo, akaendelea kulia na zile hela kichwani, ila ubeti wa tatu hauwezi kuanza watu wakiwa wamemziba. Kiongozi wetu wa fidla akainua upinde akachora duara hewani, maana yake zungusheni, basi tukashika kile kipande kifupi cha baada ya kibwagizo tukawa tunakirudia, selo chini taratibu, mpiga ngoma ya dumbaki kapunguza, mpaka mama wa mwisho kakaa ndo upinde ukashuka tukaingia ubeti wa tatu. Waliokuja bila kujua walidhani imetungwa hivo.

Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe kaeni na mwongozaji mkubaliane habari ya kutunza, yaani huko kumpa mwimbaji hela. Kuwakataza watu wa Tanga wasitunze mimi siwezi kukushauri, ni kujisumbua, lakini chagueni mapema kila wimbo utazungushwa kipande gani, nani anatoa ishara, na ishara yenyewe ni ipi. Bagamoyo hili wanalielewa haraka kwa sababu pale TaSUBa, tangu kikiitwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, wanafunzi wanasoma ngoma, muziki na maigizo chini ya paa moja, mpiga ngoma hashangai mwigizaji akimkatiza.

Kukaa gizani kusikuume. Kuna jumba la opera la Bayreuth huko Ujerumani, lilifunguliwa 1876, okestra nzima imefukiwa chini ya jukwaa, mtazamaji haoni hata upinde, na watu wanagombania kupiga pale. Cha kudai ni kumwona kiongozi wenu na kuona mdomo wa mwimbaji, ukikosa kimojawapo omba uhamishwe kiti. Dai pia kitaa kidogo cha kubana kwenye stendi, maana tochi ya simu inawapiga watazamaji machoni, na mtu akikupigia katikati ya msiba wa mchezoni ndo mtajulikana Tanga nzima.

Joto la huko unalijua mwenyewe. Gundi ya fidla ya asili ikikaa kwenye joto na unyevu inaachia, usiiache kwenye gari juani wala chini ya bati, na taa za jukwaani nazo zinachoma. Chukua uzi wa E wa akiba, ule mwembamba ndo unaotangulia kukatika.

Wenzako waambie wamalize hii shoo moja kwanza.

SWALI: Mwalimu habari, mimi napiga kodiani, niko Bagamoyo. Tulipiga kwenye mchezo mpya kwa kujitolea, baadaye nikaona shoo nzima imewekwa mtandaoni na matangazo ya biashara juu, hatukuulizwa. Sisi wapigaji tuna haki yoyote au ni ya mtunzi tu?

JIBU: Mnayo dada yangu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haimtambui mtunzi peke yake, hakishiriki ndo inawagusa nyie mnaotumbuiza, na suala la kurekodiwa na kurushwa linahitaji idhini yenu. Kujitolea kupiga jukwaani si sawa na kujitolea kuuzwa mtandaoni. Anza kwa kuongea na waandaaji kistaarabu, kwa maandishi, wakigoma nendeni COSOTA, wale wanaosimamia hakimiliki nchini. Mara ijayo kabla ya mazoezi ya kwanza andikeni karatasi moja tu, nani anarekodi, inawekwa wapi, ikiingiza hela inagawiwaje, wote msaini. Watu wanaona aibu kuuliza kwa vile ni marafiki, mimi naona marafiki ndo wa kuandikishana.

SWALI: Mume wangu anapiga udi kwenye hiyo michezo yenu, mwezi huu wote anarudi usiku, posho hakuna, nauli anatoa mfukoni, nikiuliza anasema "mazoezi yameongezwa." Nimwamini? Mama wa Ngamiani.

JIBU: Mama, mazoezi ya mchezo mpya yanaongezwa kweli, hasa wiki za mwisho, hapo simtetei bure. Nauli lakini waandaaji wawalipe, hata kama posho hakuna, amwambie kiongozi wao. Na wewe nenda kakae mazoezini jioni moja, hawafukuzi mtu, ukiweza beba chupa ya chai. Ukikuta wanarudia wimbo mmoja huku wanabishana kuhusu kii, ujue hajakudanganya.