Barua kwa Mwanangu Kuhusu Chuo Kikuu cha Nairobi

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi hapa Kisauni hatujambo. Barua uliyoandika ukiwa kwa shangazi yako Lamu nimeipata. Unauliza kama Chuo Kikuu cha Nairobi kinafaa kuwa chaguo lako la kwanza la KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, au uombe kozi nyingine hapa Tudor, kwenye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ulale kwenu.

Sifa zake unazijua: kilianza mwaka 1956 kikiitwa Royal Technical College, baadaye kikaungana na Makerere na Dar es Salaam katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikajitegemea. Lakini sifa hazikuonyeshi utakakosomea, na hilo ndilo lililonifedhehesha siku niliyompeleka binamu yako. Tulishuka basi la usiku alfajiri, tukalikokota sanduku lake la bati hadi bewa kuu lililo katikati ya mji, na bawabu akatueleza kwa upole kwamba ualimu unasomewa Kikuyu, nje kabisa ya jiji. Barua ya kuitwa ilikuwa mfukoni mwangu; sikuisoma hadi chini.

Chuo hicho, basi, si ua mmoja. Sheria iko Parklands, na udaktari uko karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Wewe unayetaka utabibu wa mifugo utajigawa kati ya Chiromo, penye idara ya anatomia ambamo Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, alifundisha na kupata uzamivu wake mwaka 1971, na Kabete ya Juu, ambako wanyama wenyewe wanatibiwa. Kwa hiyo usipange chumba kabla ya kuona ratiba, maana nauli ya matatu ya kila siku hula mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, polepole bila mtu kutambua.

Masomo hayo huchukua miaka mitano, na baridi ya Kabete mwezi wa Julai si ya kanga. Mamako ameshaanza kutafuta sweta. Kwa kuwa Tudor hawafundishi utabibu wa mifugo, na tangu utotoni hujawahi kutaka kingine, nakushauri ukiweke Nairobi mbele. Nitumie msimbo wa kozi kabla hujathibitisha chaguo, tuusome pamoja, mara hii hadi chini.

Wasalaam,
Babako