Kabla hujashangilia kichocheo chako, uliza kaboni imetoka wapi

Swali ninaloulizwa sana na wanafunzi wanaoingia shahada ya uzamili ni hili: nitumie metali gani nipate kichocheo kizuri (kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia) cha kugeuza hewa ya ukaa kuwa mafuta au malighafi? Huwa nawajibu kwamba metali isubiri. Kwanza wajue kupima.

Tabia za metali zenyewe zinajulikana. Yoshio Hori na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walizipima moja moja katika miaka ya 1980: unazamisha kipande cha metali kwenye maji yenye chumvi ya bikaboneti, unapitisha hewa ya ukaa, unawasha umeme, kisha unaangalia kimetoka nini. Dhahabu na fedha hutoa kaboni monoksidi. Bati na risasi hutoa fomati, yaani chumvi ya asidi ya fomiki. Nikeli, chuma na platinamu huishia zaidi kupasua maji na kukupa haidrojeni. Shaba ndiyo mkorofi wa kundi: methani, ethilini, hata ethanoli, vyote kwa mkupuo mmoja. Siri iko katika kaboni monoksidi inayozaliwa njiani. Dhahabu huiachia mapema mno, platinamu huing'ang'ania mpaka uso wake ukajaa, shaba huishika kwa kadiri, nayo ikapata muda wa kuongezewa haidrojeni au kuungana na mwenzake. Ethilini moja hudai molekuli mbili za hewa ya ukaa na elektroni 12. Vichocheo vingi vya shaba vinavyotangazwa leo ni majaribio ya kumtia adabu mkorofi huyo.

Sasa tuje kwenye kupima, ambako ndiko wengi huumbuka.

Maabara imejaa kaboni. Iko kwenye gundi inayobandika unga wa kichocheo, kwenye karatasi ya kaboni unayoubandikia, kwenye asetoni uliyooshea chombo asubuhi, na kwenye viungo vya kikaboni ulivyotumia kutengeneza huo unga. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha kikundi chetu tukitazama grafu ya kupendeza ya kaboni monoksidi, mpaka mzee mmoja akauliza kwa upole, "Na kwa agoni?" Jaribio likarudiwa kwa agoni, gesi isiyo na kaboni na isiyomenyuka na kitu, bila hewa ya ukaa hata chembe. Kaboni monoksidi ikatoka vilevile. Unga ulikuwa unajila wenyewe.

Kwa hiyo jaribio la agoni lisikose, na lifanyike kwa muda uleule na umeme uleule. Ongeza lingine la elektrodi (kipande kinachoingiza umeme majini) isiyopakwa kichocheo. Yote mawili ni ya bei rahisi, na sioni udhuru wa kuyaruka.

La uhakika zaidi ni kutumia hewa ya ukaa iliyotengenezwa kwa kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida. Kaboni ya kawaida ni kaboni-12 kwa karibu asilimia 99, hivyo kaboni monoksidi yake ina uzito wa 28. Ikiwa kweli imetokana na gesi uliyoingiza, itasoma 29. Angalia pia mtego uliopo hapo: naitrojeni ya hewani nayo ni 28, kwa hiyo chombo kinachovuja kitakupa "bidhaa" ambayo ni hewa ya chumbani. Zao lako likiwa dogo, ndivyo jaribio hili linavyozidi kuwa la lazima.

Usiweke waya wa platinamu uwe elektrodi ya upande wa pili wa seli, yaani chombo cha jaribio, bila kufikiri. Platinamu huyeyuka kidogo kidogo, husafiri na kutua juu ya shaba yako, na baada ya saa kadhaa haidrojeni inapanda huku ethilini ikishuka. Watu husema kichocheo kimechoka, kumbe kimepakwa metali nyingine. Chuma na zinki zilizomo kwenye chumvi ya dukani hufanya hivyohivyo. Tenganisha pande mbili kwa utando, na usafishe elektroliti, yaani yale maji ya chumvi, kabla ya kuanza.

Halafu jumlisha. Sehemu ya umeme iliyoingia kwenye kila zao, haidrojeni ikiwemo, ikijumlishwa inapaswa kukaribia asilimia 100. Ikifika 70, kuna zao hujaliona, labda limebaki majini. Ikizidi 100 sana, kagua kipimo cha mtiririko wa gesi. Pima gesi inayotoka, si inayoingia, kwa sababu sehemu ya hewa ya ukaa humezwa na elektroliti, na anayetumia namba ya kuingilia hujipa mazao ambayo hayapo. Mimi makala isiyosema mtiririko ulipimwa wapi huisoma kwa jicho moja.

Kuhusu bajeti: gesi ya kaboni-13 ni ghali, na kwenye vyuo vyetu kuagiza hakuishi leo wala kesho. Iandike kwenye maombi ya fedha tangu mwanzo, tumia seli ndogo iliyofungwa ili mtungi ukae, na usiifungue kabla jaribio la agoni halijatoka tupu.