Barua kwa Zuhura, kuhusu mjukuu wangu na mpira wa kasi

Marahaba, mwanangu Zuhura.

Umeniuliza kama mwanao aendelee kurusha mpira wa kasi au abaki kwenye kupiga, kwa kuwa mwalimu wake wa kriketi amemwambia ni mfupi mno. Mwalimu ana hoja. Joel Garner, mrushaji wa kasi wa West Indies, ile timu ya visiwa vya Karibi, alipita mita mbili, na mwenzake Curtly Ambrose vilevile. Mpira ukitoka kule juu humrukia mpigaji kifuani.

Lakini Malcolm Marshall wa Barbados, mrushaji wa timu hiyohiyo, alikuwa na kimo cha kawaida tu, na alistaafu na wiketi 376, yaani wapigaji aliowatoa, katika mechi 81 za Test, zile ndefu za siku tano baina ya mataifa, kila wiketi ikimgharimu mikimbio (pointi za wapigaji) isiyofika 21. Sijaona aliyemzidi, na nimewaona wengi. Mpira wake mfupi, ule unaodunda mbali na mpigaji, haukupaa ukapita juu ya kichwa. Uliteleza ukamfuata mpigaji kooni. Kasi bila akili ni vumbi tu, nimewaambia tangu mko wadogo, wewe na Salim.

Unajua nilikuwa nasoma Leeds mwaka 1984. Ile picha yangu ya koti la kuazima iliyoko sebuleni ni ya wakati huo. Julai ile West Indies walicheza na Uingereza pale Headingley, uwanja wa Leeds, nami nilikuwapo. Siku ya kwanza Marshall alivunjika kidole gumba cha kushoto akizuia mpira, tukajua basi tena. Zamu ya West Indies kupiga ikafika wiketi ya tisa, na bila Marshall hakuna wa kumalizia, mpigaji wao Larry Gomes ana mikimbio 96, wachezaji wameanza kutoka uwanjani. Mara Marshall huyo anashuka ngazi, mkono una plasta, gongo kashika kwa mkono mmoja! Akasimama mpaka Gomes akapata mia yake. Na hakuridhika. Akachukua mpira, akawatoa Waingereza saba kwa mikimbio 53. Nilipiga kelele mpaka mzee mmoja wa Yorkshire aliyekaa mbele yangu akageuka kunitazama, kisha naye akasimama kupiga makofi.

Watu husifu ushujaa. Mimi nasifu akili. Hakurusha kwa nguvu zote siku ile, aliupinda mpira hewani akawaacha wapigaji wajimalize. Kasi bila akili ni vumbi.

Na kuna la 1983 pia. Afrika Kusini ya makaburu iliwatongoza wachezaji wa West Indies kwa fedha nyingi waende kucheza kule. Marshall na mpigaji mwenzake Desmond Haynes walikataa. Wengine walikwenda, na mmoja wao ndiye niliyempenda kuliko wote. Nilikuwa na picha yake ukutani. Niliitoa usiku uleule, na hadi leo jina lake likitajwa nanyamaza, mama yako anajua. Nikijitetea kwa niaba yake, nasema walikuwa watu wasio na kazi ya kudumu, wenye watoto wa kulisha. Kisha najijibu: Marshall naye alizaliwa wapi, ikulu? Baba yake alikufa kwa ajali ya barabarani yeye akiwa mtoto wa mwaka mmoja. Babu yake ndiye aliyesaidia kumlea na kumfundisha kriketi. Afrika Kusini alikwenda baadaye, kuichezea Natal, timu ya jimbo la huko, wakati ubaguzi wenyewe unaporomoka. Saratani ikamchukua Novemba 1999, ana miaka 41 tu. Bado inaniuma.

Sasa, kuhusu mtoto. Uamuzi ni wenu, wewe na baba yake, na nimejiapiza sitauingilia. Ingawa mtoto aliyekwisha kuambiwa hawezi na bado kila jioni anakwenda kurusha mpira ukutani, kama ulivyoniandikia, mimi ningejua la kufanya. Basi, nisiseme zaidi.

Mlete likizo ya Agosti. Nataka kuona kama anatazama miguu ya mpigaji kabla ya kuanza kukimbia. Na huyo mwalimu asimbadilishie chochote mpaka nimemwona.

Baba yako.