Bei za kwenye matangazo ya zamani ya magari ya kifahari: soma herufi ndogo kwanza

Mkuu, umeuliza kama dola 13,995 kwenye tangazo la Rolls-Royce Silver Cloud la 1958, lile la mwandishi wa matangazo David Ogilvy lenye saa inayosikika kuliko injini, ndizo alizolipa mnunuzi. Hapana, zilikuwapo gharama za juu yake. Karibu na hiyo bei kuna f.o.b. (free on board, yaani bei inaishia mahali palipotajwa) na maneno yanayotaja bandari kuu za kuingilia Marekani.

Tuliozoea kuagiza magari Japani, FOB kwetu ni gari lililopakiwa melini huko kwao. Nauli na bima bado. Kwenye tangazo hili la Rolls gari limeshavuka Atlantiki, na kilichobaki ni kulisafirisha kutoka bandarini hadi kwa mnunuzi na kodi ya jimbo lake kama ipo. Matangazo ya Detroit, kitovu cha viwanda vya magari Marekani, nayo yana f.o.b. ya getini kiwandani, kwa hiyo mtu wa California aliongeza usafiri wa nchi nzima. Usilinganishe bei mbili kabla hujajua kila moja inaishia wapi.

Tangazo hilohilo linataja mashine ya kahawa, kitanda na maji ya moto. Hivyo ni vya kuongeza, havimo kwenye 13,995. Bentley, gari la kampuni hiyohiyo, imepunguzwa dola 300, eti rejeta yake ni rahisi kutengeneza!

Matangazo ya Uingereza yanachanganya zaidi, kwa sababu yana bei ya msingi na bei yenye kodi ya manunuzi. Jaguar XK120 ilitangazwa 1948 kwa pauni 998, na namba hiyo haikuja kwa bahati. Gari lililozidi pauni 1,000 za msingi lilipigwa kodi ya asilimia 66 na ushee badala ya 33. Kwa kodi ndogo ilifika kama pauni 1,263. Ukichukua theluthi ya 998 utapata zaidi ya hapo, kwa kuwa kodi ilikatwa kwenye bei ya jumla, siyo ya rejareja. Gari la kuuzwa nje halikulipa kodi hiyo, kwa hiyo kwa mnunuzi wa Nairobi au Dar anza na 998, kisha weka meli na ushuru wa huku. Shilingi 20 za Afrika Mashariki zilikuwa pauni moja: 19,960.

Ya kabla ya vita, angalia kama bei ni ya chesisi tupu. Duesenberg Model J ya 1929 ilikuwa dola 8,500 bila bodi. Bodi uliagiza kwa fundi wa bodi, na gari zima lilipita mbali hapo.

Kukosa bei si dalili kwamba ukurasa umekatwa. Tangazo maarufu la Cadillac la 1915 halina bei wala picha ya gari. Kwa Cadillac za miaka ya 1950 tafuta orodha za bei za wauzaji; Eldorado Brougham ya 1957 ilikuwa dola 13,074.

Kubadilisha kuwa pesa ya leo, kwa mfumuko wa bei zidisha dola ya 1958 mara 10 au 11. Mimi napendelea kipimo cha kipato: familia ya kati Marekani mwaka huo ilipata kama dola 5,100, kwa hiyo Rolls ilikula karibu miaka mitatu ya mapato bila kununua hata mkate.

Kabla ya kulipia ukurasa wenyewe, weka lenzi juu ya rangi na ugeuze nyuma. Ukurasa wa gazeti una vitone vilivyopangwa sawasawa, na nyuma kuna makala au tangazo jingine. Nyuma ikiwa nyeupe tupu, huenda ni nakala.